Shamba Lile Lile, Msimu Mwingine: Namna ya Kuonja Mvinyo Mwekundu wa Shamba Moja Ukiwa Tabora

Mnunuzi wa asali anayeijua Tabora huuliza mambo mawili kabla ya kuuliza bei: asali imetoka pori gani, na imerinwa lini. Anajua kwamba asali inayorinwa mvua zikiisha, kati ya Mei na Julai, haifanani na ile ya kuelekea mwisho wa mwaka, hata kama mizinga ya magome imebaki kwenye miti ile ile, kwa sababu maua yaliyowalisha nyuki ni tofauti: mitundu huchanua kiangazi kinapokaribia kwisha, ilhali miti ya muba huchanua mvua zikiwa zimeshakolea. Maswali hayo mawili ndiyo yanayofaa kuulizwa mbele ya chupa ya mvinyo mwekundu uliotokana na shamba moja tu la mizabibu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchagua chupa mbili za shamba moja zenye miaka tofauti, namna ya kuzitunza katika joto la kwetu, na namna ya kuzionja ili uweze kutambua msimu ulifanya nini ndani ya kila moja.

Mvinyo mwingi wa bei ya kawaida huchanganywa kutoka mashamba mengi, na mchanganyaji hodari huitumia nafasi hiyo kuziba mapengo ya mwaka: shamba la bondeni likipigwa na mvua, ataongeza zabibu za mlimani, zabibu zikikosa uchachu, atatafuta zilizochumwa mahali penye baridi. Hakuna ubaya katika kufanya hivyo, na baadhi ya mivinyo inayosifiwa sana duniani hutengenezwa kwa njia hiyo. Anayetengeneza mvinyo wa shamba moja, hata hivyo, amejifungia mlango huo. Shamba la Hill of Grace huko Australia, kwa mfano, lina mizabibu ya aina ya Shiraz iliyopandwa miaka ya 1860, na mvinyo wake umekuwa ukitengenezwa peke yake tangu msimu wa 1958. Udongo ni ule ule, mteremko ni ule ule, na visiki vingi ni vile vile, kwa hiyo anayefungua chupa mbili za miaka miwili anaonja tofauti ya hali ya hewa, pamoja na maamuzi ambayo mkulima alilazimika kuyafanya mbele ya hali hiyo.

Kusoma lebo kabla ya kulipa

Jina kubwa lililoandikwa kwenye lebo mara nyingi ni jina la mtengenezaji, si la shamba, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Tafuta jina la pili, dogo zaidi, linalotaja kipande chenyewe cha ardhi. Kwenye lebo za Italia neno «vigna» likifuatwa na jina humaanisha kipande kimoja mahususi. Nchini Afrika Kusini, ambako hutoka sehemu kubwa ya mvinyo unaouzwa kwetu, shamba linalosajiliwa rasmi kama shamba moja haliruhusiwi kuzidi hekta 6, yaani karibu viwanja vinane vya mpira vikipangwa pamoja. Ufaransa nako kuna mtego wake: Clos de Vougeot, shamba la mkoa wa Burgundy lililozungushiwa ukuta na watawa wa monasteri ya Cîteaux, lina takriban hekta 50 na leo limegawanywa kati ya wamiliki wapatao 80, kila mmoja akivuna na kutengeneza kwa namna yake. Kwa hiyo usinunue chupa ya mwaka mmoja kutoka kwa mtengenezaji huyu na ya mwaka mwingine kutoka kwa yule kisha ukadhani unalinganisha misimu. Shamba liwe moja na mtengenezaji awe mmoja.

Mwaka ulioandikwa ni mwaka wa kuvuna. Kusini mwa ikweta mizabibu huchipua karibu na Septemba na kuvunwa kati ya mwishoni mwa Januari na Aprili, kwa hiyo mvinyo wa Afrika Kusini wenye mwaka 2015 uliishi nusu ya maisha yake ya shambani mwaka 2014. Mkulima wa tumbaku wa Urambo hatapata taabu kulielewa jambo hili, kwa kuwa yeye mwenyewe huhesabu «msimu wa 2014/2015» na si mwaka mtupu. Ulaya ni kinyume chake: mizabibu huchipua Machi au Aprili na kuvunwa Septemba au Oktoba ya mwaka huo huo.

Angalia pia asilimia ya kileo. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu huzaa asilimia moja ya kileo, na sukari huletwa na jua, kwa hiyo chupa mbili za shamba moja zikiwa na asilimia 13 na 14.5 umeshapata dokezo la kwanza kabla hujagusa kizibo. Ni dokezo tu, kwa sababu sheria huruhusu tofauti ndogo kati ya lebo na kilichomo, na kwa sababu mkulima aliyechelewa kuvuna kwa kupenda mwenyewe anaweza kuzalisha kileo kikubwa hata katika mwaka wa wastani.

Jambo moja la mwisho kuhusu uchaguzi. Baadhi ya watengenezaji huulaza mvinyo wao miezi mingi katika mapipa mapya ya mwaloni, na mapipa hayo huacha harufu ya vanila na ya mbao iliyobanikwa, yenye nguvu ya kufunika karibu kila kitu. Kwa zoezi hili mimi huziepuka chupa hizo. Sizichukii, ila zinanifundisha habari za seremala badala ya habari za mvua.

Yale ambayo msimu huyafanya

Ukitaka kuonja msimu ni lazima uujue kwanza, na hapa inafaa kwenda polepole.

Mzabibu huamka wastani wa joto la siku unapopita nyuzi 10 hivi. Machipukizi yakishatoka huwa laini kama majani ya maboga, na katika nchi za baridi usiku mmoja wa jalidi, yaani umande ulioganda, unaweza kuyaunguza yote. Ndivyo ilivyokuwa Ufaransa mwezi Aprili 2021, mashamba mengi yalipopoteza sehemu kubwa ya mavuno kabla hata ya kuchanua. Wakati wa maua, mvua na ubaridi huzuia punje kujishika, na vishada hubaki na mapengo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba idadi ya vishada huanza kupangwa mwaka uliotangulia, kwa kuwa macho ya mzabibu huandaa vishada vya msimu ujao wakati matunda ya msimu huu yangali mtini. Mwaka mbaya, kwa hiyo, huacha deni kwa mwaka unaofuata.

Kutoka maua hadi mavuno ni kama siku 100. Katikati ya safari hiyo punje za kijani huanza kugeuka nyekundu, kisha za zambarau iliyokolea, na tangu siku hiyo mambo matatu hukimbia kwa pamoja lakini kwa mwendo tofauti: sukari hupanda, uchachu hushuka, na ukakasi wa ganda na mbegu hulainika. Mwaka mzuri ni ule ambao vitatu hivyo hufika karibu kwa wakati mmoja. Joto likizidi, sukari hutangulia, na mkulima hulazimika kuchagua kati ya kuvuna zabibu tamu zenye ukakasi mbichi na kusubiri huku uchachu ukipotea. Usiku wa baridi humsaidia, kwa sababu uchachu huliwa taratibu zaidi joto linaposhuka. Ndiyo maana mashamba ya mwinuko hutoa mvinyo wenye uchangamfu hata chini ya jua kali.

Ukame wa kiasi hupunguza ukubwa wa punje, na punje ndogo ina ganda jingi kwa maji machache. Rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu hukaa kwenye ganda, kwa hiyo mvinyo wa mwaka mkavu huwa mzito na mweusi zaidi. Lakini joto likipita nyuzi 35 au zaidi kwa siku nyingi, mzabibu hufunga matundu madogo ya majani yake ili kuokoa maji, utengenezaji wa sukari husimama, na rangi yenyewe huanza kufifia kwenye ganda. Agosti 2003 Ulaya iliungua kwa namna hiyo, na huko Burgundy uvunaji ulianza mwezi huo huo wa Agosti, jambo lililokuwa nadra mno. Mji wa Beaune, huko huko Burgundy, una kumbukumbu za tarehe za kuvuna zinazoanzia mwaka 1354: hadi mwaka 1987 uvunaji ulianza kwa wastani tarehe 28 Septemba, na tangu 1988 umetangulia kwa wastani wa siku 13.

Mvua ya wiki za mwisho ndiyo inayoogopwa kuliko zote. Punje hunywa maji, huvimba, baadhi hupasuka, kisha uozo huingia kishada kizima. Mkulima anayevuna haraka kabla ya wingu hupata zabibu ambazo hazijakomaa sawasawa. Anayesubiri likipita huvuna zilizolowa. Mvinyo wa mwaka kama huo huwa mwepesi, wenye harufu ya majani mabichi au pilipili hoho, na humalizika upesi mdomoni.

Kwa mwanzo mzuri, tafuta jozi ya miaka inayotofautiana waziwazi. Kwa Afrika Kusini, 2014 na 2015 ni jozi inayofaa: wa kwanza ulisumbuliwa na mvua hata majira yaliyotakiwa kuwa makavu yalipokwisha kuanza, na wa pili ulikuwa mkavu na mavuno yalitangulia. Zikikosekana chupa za umri huo, muulize muuzaji miaka aliyonayo kisha utafute habari za mvua za Rasi ya Magharibi, jimbo la Afrika Kusini, kwa miaka hiyo, mkizingatia wote wawili kwamba msimu huanza Septemba ya mwaka wa nyuma.

Kuilinda chupa isiive

Kosa hili nimelifanya mwenyewe, kwa hiyo naliandika bila haya. Niliwahi kuweka chupa nzuri juu ya kabati, chini ya paa la bati, nikaisahau kuanzia Agosti hadi Novemba. Nilipoishusha, kizibo kilikuwa kimejisukuma juu kwa kimo cha punje ya karanga, na mchirizi mweusi wenye kunata ulikuwa umekauka kuanzia shingoni hadi kwenye lebo. Mvinyo wenyewe ulinuka kama jemu iliyoshika sufuria. Msimu wowote uliokuwa ndani ya chupa ile ulikuwa umekwisha kufutwa na msimu wa Tabora.

Watunzaji wa mvinyo hupendelea nyuzi 13 hivi zisizobadilika, na hatuwezi kuzipata bila umeme wa uhakika. Kinachowezekana ni kupunguza madhara. Nunua Mei au Juni na onja kabla Septemba haijaingia, maana usiku wa miezi hiyo huwa wa baridi na chumba hupoa chenyewe. Nyumba ya tofali za udongo hufaa kuliko chumba cha bati, na sakafu hufaa kuliko rafu. Weka chupa gizani, ukiilaza ikiwa ina kizibo cha gome ili gome lisikauke. Yenye kifuniko cha kusokota inaweza kusimama. Ukilazimika kuvuka Oktoba, sehemu ya chini kabisa ya friji ni afadhali kuliko sebule, hata kama umeme hukatika mara moja moja, kwa kuwa friji iliyofungwa hupoteza ubaridi wake polepole. Na chupa inayosafirishwa kwa basi au treni isafiri miguuni pako, si kwenye buti.

Siku ya kuonja

Vitabu vingi husema mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Chumba hicho ni cha Ulaya ya zamani. Kwetu, chumba cha alasiri kinaweza kufika nyuzi 30, na katika joto hilo kileo hutangulia puani na kufunika kila kitu. Lenga nyuzi 16 hadi 18: nusu saa hadi dakika 40 ndani ya friji, zote mbili kwa muda ule ule. Asiye na friji azifunge chupa kwa kitambaa chenye maji na kuziweka penye upepo kando ya mtungi wa maji ya kunywa. Kiangazi hewa ikiwa kavu, njia hii hupoza vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Tumia glasi zinazofanana, zilizosafishwa bila kuacha harufu ya sabuni, na mimina kidogo, isizidi theluthi ya glasi. Chupa yenye miaka kumi au zaidi isimame wima tangu jana yake, ili mashapo yatulie chini. Weka karatasi nyeupe mezani, inamisha glasi juu yake, na tazama ukingo wa mvinyo, si katikati.

Julai mmoja nilimkaribisha mjomba wangu, mrina asali wa upande wa Sikonge, aonje nami jozi hiyo ya 2014 na 2015. Sikumwambia ipi ni ipi. Alizitazama glasi kwa muda kabla ya kuzigusa.

«Shamba ni lile lile?»

«Ndiyo, mjomba, ni lile lile. Misimu ndiyo tofauti.»

«Basi huu mweusi ndio wa zamani.»

Alikosea, na kosa lake ni la maana. Asali ikikaa huzidi kuwa nyeusi, lakini mvinyo mwekundu ukikaa hupoteza rangi: zambarau hugeuka nyekundu, na ukingo huishia kufanana na tofali la kuchoma. Ule mweusi ulikuwa wa 2015, na weusi wake ulitokana na ukame. Alipoonja mwingine, wa 2014, alinyamaza kidogo, kisha akasema, «Huu umekunywa maji.» Hapo hakukosea.

Kwa mpangilio, fanya hivi. Nusa glasi zote mbili kabla ya kuonja yoyote, kwa sababu pua huchoka upesi. Mwaka wa joto hunuka matunda yaliyoiva sana au yaliyokaushwa, kama tende na zabibu kavu. Mwaka wa baridi hunuka matunda machanga, majani, pengine udongo uliolowa. Kisha chukua funda dogo na uliache lipite ulimi wote. Uchachu utaujua kwa mate yanayojaa pembeni mwa ulimi, ukakasi utaujua kwenye ufizi, unaokauka kama uliyekula ndizi mbichi, na kileo utakijua kwa joto linaloshuka kooni. Pima vitu hivyo vitatu tu katika zamu ya kwanza. Habari za harufu za waridi na ngozi zinaweza kusubiri. Andika kabla ya kuzungumza, maana mwenye sauti kubwa mezani huwabadilisha wengine ladha. Anayetaka kutema na ateme. Waonjaji wa kazi hiyo hutema wote.

Kula baadaye, si katikati. Nyama ya mbuzi ya kuchoma isiyo na pilipili hufaa, na uyoga wa porini wa masika hufaa zaidi kwa ule mwepesi. Migebuka ya Kigoma, ninayoipenda kuliko nyama, iache kwa siku nyingine, kwa sababu mafuta ya samaki yakikutana na mvinyo mwekundu huacha ladha ya chuma mdomoni. Kilichobaki kizibwe na kurudi kwenye friji, kisha kionjwe tena kesho yake: mwaka wenye mwili, yaani ule mzito mdomoni, mara nyingi huwa umefunguka vizuri zaidi, na ule uliolowa huwa umekwisha kunyong'onyea.

Shamba moja, mwaka mmoja, mavuno mawili

Si lazima uanze na chupa za mbali. Reli inayotuunganisha na Dodoma inatufikisha kwenye mashamba ya mizabibu yaliyoanza na wamisionari wa Bihawana katika miaka ya 1950, ambako hufanyika jambo lisilowezekana Burgundy. Nchi za Ulaya zinazolima mizabibu zina majira ya baridi yanayoulaza mzabibu usingizi; Dodoma, katika mwinuko wa mita 1,100 hivi na mvua isiyofika milimita 600 kwa wastani wa mwaka, mzabibu haulali. Msimu huanzishwa na mkasi: mkulima anapopogoa, mzabibu huanza upya, na kwa hiyo shamba moja hutoa mavuno mawili kwa mwaka, moja karibu na Machi na jingine karibu na Agosti na Septemba.

Mavuno ya Machi hukomaa mvua zikinyesha, na mkulima hupambana na ubwiri unga na magonjwa mengine ya ukungu. Ya Agosti hukomaa katika kiangazi kikavu chenye usiku wa baridi. Kwa mvinyo mwekundu mimi nachagua ya kiangazi bila kusita. Matokeo yake kwa mnunuzi ni kwamba mwaka ulioandikwa kwenye chupa ya Dodoma haujibu swali lote. Ukipata mtengenezaji anayetenga zabibu zake za aina ya Makutupora nyekundu kwa shamba, muulize zilichumwa mwezi gani, bandika kipande cha karatasi chenye jina la mwezi huo mgongoni mwa chupa, na uzionje za Machi na za Agosti kwa pamoja, za mwaka mmoja, zikiwa zimepozwa sawasawa.